Kabla hujahangaika na paini ya Ulaya, panda mtarakwa

Jamani watu wengi wananiuliza watapata wapi ile paini fupi ya duara wanayoiona kwenye video za bustani za Ulaya. Ile ni Pinus mugo, kwao ni milima ya Alps na mingine ya huko huko, imezoea baridi kali na theluji kila mwaka, sasa uilete Arusha ya nini wakati hapo juu Meru tuna mti wetu wenyewe wa mlimani, kijani mwaka mzima, unakua taratibu, na waliouweka nyumbani ni wachache mno?

Nauzungumzia mtarakwa, kitaalamu Juniperus procera. Siyo paini hasa, ni ndugu wa saipresi ile tunayokata matawi Krismasi. Porini unakaa kwenye misitu ya upande mkavu, Meru na West Kilimanjaro, kuanzia kama mita 1,500 kwenda juu mpaka karibu 3,000. Arusha mjini tuko kama mita 1,400, ukipanda Ilboru au Sekei unaongeza kidogo, kwa hiyo hali ya hewa haiupi shida kabisa.

Najua kinachowakimbiza watu ni huko kukua kwake taratibu. Paini za mashambani, zile Pinus patula zenye asili ya Meksiko, zinavunwa kwenye miaka 25 hivi, mtarakwa kwa umri huo bado kijana. Lakini wewe huna shamba la mbao, una kiwanja cha ishirini kwa thelathini, nyumba, tanki la maji na shimo la choo! Ukiweka mgrivea karibu na nyumba baada ya miaka michache umepita bati, majani yamejaa kwenye gata, na unatafuta mtu wa chenso na kamba. Kwa kiwanja kidogo mti usio na haraka ndio wenye faida, mimi hapo sibadilishi msimamo. Ila usijidanganye kwamba utabaki mdogo, msituni unafika mita 30 na zaidi, kwa hiyo uweke mbali na ukuta na usiupande chini ya waya za umeme.

Kitu ninachokipenda sana ni majani. Mche mdogo unachoma, majani yake ni visindano vifupi vikali, watoto wakikimbilia mpira pale wanarudi wanalalamika. Mti ukikua majani yanabadilika, yanakuwa magamba madogo madogo yamelaliana laini, na kuna kipindi unavikuta vyote viwili kwenye mti mmoja, matawi ya chini yanachoma na ya juu unayapitisha mkononi bila shida. Wangu wa karibu na geti uko hapo sasa hivi na kila mgeni namshikisha. Baadaye gamba la shina nalo linaanza kuchanika nyuzi nyuzi ndefu.

Ukienda kitaluni uangalie vizuri maana saipresi na mtarakwa zikiwa ndogo zinachanganya. Kama mti mama uko karibu uliza uone matunda, saipresi ina vigololi vigumu vya mti, mtarakwa una vitunda laini vya bluu kuelekea nyeusi, vina kama unga juu, ndege wanavila. Na mara nyingi dume na jike ni miti tofauti, kwa hiyo wako usipozaa usidhani unaumwa.

Kupanda ni kazi ndogo. Shimo la futi mbili, udongo wetu huu wa volkano unaupenda kwa sababu maji hayatuami, kwenye mfinyanzi mweusi unaoshika maji usiupeleke. Samadi iwe imeoza kabisa. Kiangazi cha mwanzo mwagilia na uweke nyasi kavu kuzunguka, ila zisiguse shina. Na fundi wa pevingi akija mwambie aache duara la mita nzima, wao wakiachiwa wanabana vitofali mpaka kwenye shina.

Kupunguza matawi inawezekana, kata sehemu yenye majani tu. Ukikata mpaka kwenye mti mtupu usio na kijani pale hapachipui tena, pengo linabaki.

Wenzangu wa Moshi mjini, kwenu kuko chini na joto ni kali, hapo siushauri. Wa Kibosho na Marangu juu, huko kunakonyesha sana, tafuteni podo, nayo ni ya mlimani, haina haraka na ndiyo iliyozoea misitu ya unyevu ya upande wenu. Wa Arusha mkipata miche mwezi wa tatu mwanzoni iacheni kwenye viriba, kivulini kidogo, masika yakishika ndio mchimbe.