Umekuja, au Umerudi?

Tangu Jumatatu ninalitafuta jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku hiyo hiyo, ndani ya kivuko cha mto Pangani, kabla hatujafika Bweni, ng'ambo ya mji wetu. Nimelitafuta nikipiga pasi, nimelitafuta nikitunga uzi sindanoni, na usiku wa kuamkia jana nilishtuka usingizini nikiwa nalo mdomoni, limenyooka kabisa, wala hapakuwa na wa kumwambia.

Nilikuwa ninavusha sare za shule 12. Kivuko kilijaa pikipiki na matenga, na Fundi alikuwa amesimama upande wa baharini, furushi la pamba ya kukalafatia mashua, yaani kuziba nyufa za mbao zake, likiwa begani. Mnamkumbuka: ndiye niliyemwandika nilipohama Dar es Salaam na vyerehani vyangu viwili, kwamba tulikaa dawati moja darasa la sita na kwamba mikono yake inanukia sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini. Aliniita "Mtoto wa Mwalimu". Baba ametutoka miaka 9 sasa, na huko nilikoishi miaka 12 nilikuwa mke wa fulani, kisha mtalaka wa fulani, kwa hiyo kuitwa hivyo kulinipokonya maneno hata kabla ya swali lenyewe.

Tulijuliana hali, tukaulizana ya nyumbani. Kisha akasema, taratibu, kama mtu aliyelibeba neno hilo kwa muda mrefu:

"Umekuja, au umerudi?"

"Nipo nipo tu," nikamjibu.

Akayatazama maji. "Basi ukishajua, utaniambia."

Mlango wa kivuko ukashuka, watu wakasukumana, nami nikashuka na sare zangu.

Hapa Pangani maneno hayo mawili hayachanganywi. Aliyekuja huulizwa ataondoka lini, na aliyerudi huulizwa kama ameshaezeka upya nyumba ya wazee wake. Mji huu umewaona wengi waliokuja, wakajenga boma na maghala, wakaondoka, na kuta zao ndizo tunazopita kila siku tukienda sokoni. Swali la Fundi lilikuwa zito, nami nilimpa jibu la abiria anayesubiri basi stendi. Ningeweza kusema kwamba eda yangu ilikwisha tangu Rajabu, au kwamba nimeshapaka chokaa chumba cha mbele. Ningeweza hata kunyamaza, kwa sababu kimya kingekuwa na heshima kuliko "nipo nipo tu". Wiki hii mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kiume huko Tanga na kikundi chetu kimenipitishia mkopo wa cherehani ya tatu, lakini hata niliposhukuru Mungu kwa hayo, nilikuwa bado nimesimama ndani ya kivuko.

Jana baada ya Isha nilimsimulia Mama, akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alisikiliza hadi mwisho, ndipo akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Alishuka Bweni?"

Nikafikiri. "Hakushuka."

"Na ile pamba ilikuwa inakwenda wapi? Mashua anayoitengeneza si iko huku huku kwetu, mwanangu?"

Hakuongeza neno, akaendelea kukuna nazi yake. Nami nikakumbuka kwamba nilipogeuka ng'ambo kumtafuta bodaboda, Fundi alikuwa bado ameegemea chuma cha kivuko, furushi begani, na kivuko kimeshageuzia mji uso. Nilidhani anautazama mto. Alikuwa amevuka na kurudi, mzigo mabegani, kwa ajili ya kuniuliza maneno matatu, na tangu nilipolielewa hilo kifua changu kimekuwa chepesi hata Mama amenitazama mara mbili.

Jumamosi nitavusha sare zilizobaki. Daraja linalojengwa juu ya mto wetu, lenye urefu wa mita 525, litakapoanza kupitika, watu watavuka kwa magari bila kusimama bega kwa bega, nami sitaki neno langu lingoje hadi wakati huo. Nitamwambia: nimerudi. Nimelisema mara nyingi leo, peke yangu, na kila mara limetoka bila kutetemeka.

Lililonitia wasiwasi asubuhi hii ni chai, ambayo ilikuwa na chumvi. Mama anasema ni ulimi wangu, lakini minazi miwili ya jirani iliyo karibu na mto imeanza kuwa ya manjano, na wazee wanasema mto ukipungua nguvu kutoka juu, bahari hupanda na kuingia hadi visimani. Kisima chetu, tunakochota maji ya chai, kilichimbwa na Baba. Kesho alfajiri nitachota ndoo moja hapa na nyingine kisima cha msikitini, nionje yote mawili kabla Mama hajaamka.