Chupa ya damu ya Mama

Dada aliacha kisusio kabla hajaacha kanisa letu. Krismasi moja kule Uru alilisogeza bakuli pembeni mbele ya wajomba, akasema supu yenye damu ya mbuzi hatainywa tena. Mama, aliyeipika mwenyewe, aliondoka mezani. Miezi michache baadaye Dada akabatizwa kuwa Shahidi wa Yehova, na tangu hapo pochi yake haikukosa kadi: asiongezewe damu, hata madaktari wakiona ni lazima.

Tulishabishana sana. Matendo ya Mitume 15 inaagiza waamini wajiepushe na damu. Mimi Mlutheri nilisema hayo ni mambo ya chakula. Yeye akanijibu, "Daktari akikukataza pombe, utajidunga kwenye mshipa useme hujanywa?" Nikanyamaza. Siku hiyo yalikuwa maneno tu.

Aprili 2014, masika yamekolea Moshi, alijifungua mtoto wa kike na damu ikagoma kukatika. Kipande cha kondo kilikuwa kimebaki. Alipokuwa akisukumwa kwenda chumba cha upasuaji alinishika mkono, midomo imepauka. "Wasinitie damu. Wewe unajua." Shemeji alikuwa safarini, simu haipatikani. Pochi nilikuwa nayo mimi.

Kipande kilitolewa, akadungwa sindano za kukaza kizazi, dripu mikono yote miwili. Hb, kipimo cha wingi wa damu, ikasoma 4. Kwa mwanamke, hata 11 tayari ni upungufu.

Mama alikuwa ameshatoa damu yake, kama ndugu wa wagonjwa wanavyoombwa. Alirudi ameibana pamba kwenye kiwiko, akaniambia kwa sauti ya chini: "Hiyo kadi ifiche. Amezimia, hatajua. Damu niliyomzaa nayo ndiyo hiyo hiyo, itamdhuru nini?"

Daktari akatoka, akauliza kama mgonjwa aliacha neno lolote.

Mpaka leo naamini mstari ule unahusu sahani. Lakini aliniambia akinitazama machoni, akiwa na akili zake zote, na mwili ulikuwa wake. Nikaitoa kadi. Daktari aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Angekuwa mtoto, tungeongea mengine. Huyu ni mtu mzima." Akarudi ndani kuendelea na alichobakiwa nacho: oksijeni, dawa za kuzuia kuvuja, madini ya chuma kwa sindano.

"Umemuua mwanangu," Mama alisema. Akahamia benchi la mwisho wa korido, kichanga mapajani, na hapo ndipo tulipokaa siku tatu, kila mtu upande wake. Mimi niliomba. Sikuomba msamaha; niliomba asife, maana nilijua akifa nitaendelea kuisikia sentensi ile kila nitakapokwenda nyumbani.

Siku ya nne Dada aliomba mtori. Mama akamlisha kwa kijiko, taratibu, mpaka chupa ya chai aliyoubebea ikaisha. Kisha akamuuliza nesi: "Sista, ile damu yangu iko wapi?"

"Ilishatumika, mama. Ilikwenda wodi ya watoto. Malaria."

Mama aliichukua chupa yake tupu, akavuka ua kwenye manyunyu bila mwavuli. Nilimfuata kwa mbali. Alisimama mlangoni mwa wodi ile, akaanza kuwatazama watoto, kitanda kimoja baada ya kingine.