Kati ya ganzi na nusu kaputi

Swali ninaloulizwa zaidi kazini haliulizwi kwa sauti. Mtu anasubiri daktari ageuke kunawa mikono, ananivuta mkono wa gauni, kisha ananong'ona: "Sista, hamuwezi kunipiga nusu kaputi nikaamka limeshatoka?"

Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno hapa Tanga. Nachanganya dawa za kuziba, nashika mrija wa kufyonza mate, nakabidhi koleo na kupokea nyingine. Daktari akiinama kutazama kinywani, uso ambao mgonjwa anauona ni wangu, na mkono unaobanwa ni wangu. Nimebanwa na makondakta, walimu, askari na mabibi harusi watarajiwa. Kuna mwanamke aliyejifungua watoto wote nyumbani bila kulia, lakini akiona sindano ya ganzi anatetemeka miguu. Hofu hii haihusiani na ushujaa wa mtu, na inaniuma sana kusikia mgonjwa akiambiwa "Mtu mzima wewe, unaogopa nini?"

Wengi wanaoninong'oneza wanaamini njia ni mbili tu. Ya kwanza ni ganzi, nao wanaiogopa. Ya pili ni nusu kaputi, nao wanaambiwa haiwezekani. Basi wanarudi nyumbani na shavu lililovimba, wanameza dawa za maumivu miezi, mpaka jino lililokuwa la kuzibwa linakuwa la kung'olewa. Hakuna aliyewaambia kwamba katikati ya hizo mbili kuna ngazi nzima ya kumtuliza mtu.

Nianze na sababu ya kukataa nusu kaputi, maana watu hudhani ni ubahili. Kinywa ni mlango wa hewa. Daktari anafanya kazi mlangoni hapo, na kuna maji ya mashine, damu, mate, na wakati mwingine kipande cha jino. Ukiwa macho, tone likiteremkia kooni unakohoa na mambo yanakwisha. Aliyelazwa usingizi mzito hakohoi. Lazima awepo mtaalamu wa usingizi, mpira upite kooni kulinda mapafu, na pawe na watu na vifaa vya kumwokoa iwapo pumzi itakata. Uingereza ilikuwa ikiruhusu usingizi huo kwenye kliniki za meno za mitaani. Baada ya vifo, vikiwemo vya watoto, utaratibu ukafutwa, na tangu mwanzoni mwa 2002 unatolewa hospitalini tu, mahali penye huduma za wagonjwa mahututi. Mtoto wa miaka 3 mwenye meno mengi yaliyooza, au mtu mwenye ulemavu usiomruhusu kutulia kitini, huyo ana haki ya nusu kaputi na apelekwe hospitali kubwa, meno yote yatibiwe kwa mkupuo. Kwa jino moja la mtu mzima mwenye hofu, hatari haina sababu.

Dawa za kutuliza ni jambo jingine kabisa. Kipimo chake ni rahisi kukumbuka: ukiitwa unaitika. Umelegea, hujali sana kinachoendelea, pengine unasinzia, lakini ukiambiwa "fungua zaidi" unafungua, na kikohozi chako bado kinakulinda.

Ya kwanza ni gesi, nitrasi oksidi, ambayo watu huiita gesi ya kucheka. Kliniki yetu haina mashine yake. Niliiona katika kliniki moja binafsi Dar es Salaam na nikakaa nayo siku nzima nikiuliza maswali. Unavishwa kikofia laini puani. Mwanzo unavuta oksijeni peke yake, kisha gesi inaongezwa kidogo kidogo. Wengi hutulia ikiwa kati ya asilimia 30 na 50. Vidole vinawasha kidogo, mwili unapata joto, sauti ya mashine inakuwa ya mbali. Mashine yenyewe imeundwa isikubali oksijeni ishuke chini ya asilimia 30. Kazi ikiisha unavuta oksijeni tupu kwa dakika kama 5, akili inarudi, na mtu mzima kwa kawaida anaweza kuondoka mwenyewe. Haifai kwa mwenye mafua yaliyoziba pua, wala kwa mjamzito wa miezi ya mwanzo. Na wenye kliniki wanaofikiria kuinunua wawekeze pia kwenye mrija wa kuondoa gesi inayovuja, kwa sababu sisi wasaidizi ndio tutakaoivuta kila siku, na ikivutwa kwa wingi muda mrefu inaharibu kazi ya vitamini B12 mwilini.

Napenda historia ya gesi hii. Desemba 1844, mjini Hartford huko Marekani, daktari wa meno aitwaye Horace Wells alikwenda kwenye onyesho ambako watu walivutishwa gesi hiyo ili wachekeshe watazamaji. Akamwona mtu mmoja amejikata mguu, damu inatoka, wala hana habari. Kesho yake Wells akaketi kwenye kiti mwenyewe, akavutishwa gesi, na mwenzake John Riggs akamng'oa jino. Mwezi uliofuata alijaribu kuonyesha jambo hilo Boston, mgonjwa akapiga ukelele, ukumbi ukamzomea. Ether, dawa nyingine ya kuvutwa, ilipata sifa hapo 1846, na Wells akafa 1848 bila kufaidi heshima yake. Ninapoona mtu ameshika mikono ya kiti mpaka kucha zinageuka nyeupe, namkumbuka huyo daktari aliyekubali jino lake mwenyewe litolewe ili ajue kama wagonjwa wake wangeweza kuepushwa maumivu.

Ya pili ni vidonge, na hapa naomba msomaji atulie. Inayojulikana zaidi kwetu ni diazepamu, ile watu wanayoiita Valium. Daktari anaweza kukupa umeze usiku wa kuamkia miadi ili angalau ulale, na tena saa moja kabla ya kuingia. Inafaa sana kwa watu wengi. Lakini kidonge kikishamezwa hakiwezi kupunguzwa tumboni, na kila mwili unakipokea kivyake. Zinapita saa 20 hadi 50 ndipo nusu tu ya diazepamu iwe imetoka damuni, na kwa wazee ni zaidi. Kwa hiyo usijinunulie duka la dawa kwa ushauri wa jirani. Na kama umejipa moyo kwa pombe kabla ya kuja, sema, kwa sababu pombe na diazepamu vikikutana vinaweza kupunguza pumzi mpaka ikakoma. Tramadoli nayo ni hivyo hivyo, na wenye maumivu ya jino huimeza mno. Hatutakugombeza. Tutakupangia siku nyingine.

Ya tatu ni dawa ya mshipani, kwa kawaida midazolamu. Unawekewa kanula, kimrija cha kupitishia dawa mshipani, dawa inaingia kidogo, daktari anasubiri, anakuangalia macho na matamshi, anaongeza kidogo tena. Ndani ya dakika chache kope zinakuwa nzito. Uzuri wake wa ajabu ni kusahau: mgonjwa anaongea, anaitika, halafu jioni hakumbuki kuwa kazi ilifanyika. Kwa mwenye hofu kubwa, hilo ni jambo kubwa sana. Ila usikubali kuwekewa kabla hujauliza nani atakayekuwa anaangalia pumzi zako wakati daktari anaangalia jino. Awe mtu aliyesomea, asiye na kazi nyingine. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, tulichokizoea wote wakati wa UVIKO-19, kiwe kidoleni tangu mwanzo hadi mwisho. Oksijeni iwe chumbani. Na flumazenili, dawa inayozima midazolamu, iwe karibu. Daktari mzuri atafurahi ukiuliza. Na kama usiku unakoroma na kukatika pumzi, hiyo nayo aijue, ingawa unaona haya mbele ya mkeo au mumeo.

Katika njia zote hizi tatu, ganzi inachomwa vilevile. Dawa ya kutuliza inashughulika na woga; maumivu ni kazi ya ganzi. Watu wakisikia hivyo huvunjika moyo, kwa hiyo niseme mawili kuhusu ganzi yenyewe.

Tunayotumia ni lignokaini, iliyotengenezwa Uswidi mwaka 1943, na mara nyingi imechanganywa na adrenalini kidogo ili isisambae haraka na damu isitoke sana. Adrenalini hiyo ndiyo inayoweza kufanya moyo udunde dakika moja mbili baada ya sindano. Wengi hudhani wanakufa, kumbe ni dawa inapita. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo aseme mapema tu. La pili: penye usaha, nyama inakuwa na tindikali na ganzi haishiki vizuri. Ndiyo maana kuna watu wanaoapa kwamba "mimi ganzi hainikamati." Waling'olewa wakati jipu limepamba moto. Usaha ungetolewa kwanza au ganzi ipigwe mbali na jipu, kwenye shina la mshipa wa fahamu, wangekuwa na hadithi nyingine. Kwa hiyo njoo kabla shavu halijavimba, hata kama ni kuuliza tu.

Sasa ngazi ya chini kabisa, ambayo naithamini kuliko zote, kwa sababu haihitaji mashine wala dripu na inawezekana hata kwenye zahanati yenye kiti kimoja.

Alikuja mzee mmoja mvuvi, ameletwa na mkwewe. Gego la chini limebaki ganda. Alisimama mlangoni, kuingia hataki, kuondoka hataki.

"Shikamoo baba," dokta wetu akamwambia.

"Marahaba mwanangu."

"Leo sing'oi. Nataka uniambie tu kinachokusumbua zaidi. Ni sindano, ni ile sauti, au ni kulala chali?"

Mzee akafikiri. "Kushikwa," akasema.

Utotoni, mahali fulani, watu wazima walimkandamiza mikono na miguu jino likatolewa huku ganzi haijakolea. Miaka yote hiyo alikuwa akiogopa mikono ya watu. Hakuna kidonge ambacho kingejua hilo kama asingeulizwa. Tukakubaliana kwamba mimi nisimguse kabisa, na kwamba akiinua mkono wa kushoto kila kitu kinasimama. Siku ya kazi aliinua mkono dokta hajafanya lolote. Dokta akarudisha vifaa kwenye sinia, akaweka mikono mapajani, akangoja. Mzee akaushusha. Akauinua tena baada ya mafuta ya ganzi kupakwa kwenye fizi, tukasimama tena. Baada ya hapo hakuuinua. Sindano iliingia polepole, tukangoja mpaka mdomo wa chini ukawa mzito mpaka kidevuni, na jino likatoka kwa ganzi peke yake.

Siku hizi kila mgeni kwetu namuuliza maswali matano kabla hajaingia. Yametoka kwenye kipimo kinachotumika nchi nyingi tangu 1995: unajisikiaje ukijua kesho una miadi, ukiwa kwenye benchi, ukikaribia kusagwa jino, ukisafishwa meno, na ukichomwa sindano ya ganzi. Kila jibu lina alama 1 hadi 5, na mwenye jumla ya 19 kwenda juu tunajua huyu hofu yake ni nzito. Kuna pengo moja: halimo swali la kung'oa, wakati kwetu kung'oa ndiko kunakoleta watu wengi. Kwa hiyo naliuliza pembeni, bila kulihesabu.

Hata hivyo sitaki mtu asome hadithi ya mzee akadhani maneno matamu yanamtosha kila mmoja. Kuna dada anayeuza vitenge ambaye tulifanya naye yote hayo, alama ya mkono, kungoja, kuzungumza, na bado alipoona sindano alitapika. Huyo kumwambia ajikaze ni ukatili. Dokta alimpima, akamwandikia vidonge, akamwambia aje na ndugu. Alikuja na kaka yake, amelegea, ananiambia kuhusu rangi za vitenge vipya, na kazi ikafanyika. Walipotoka tulimkuta kaka ameshaita bodaboda. Tukakataa. Mtu aliyetulizwa kwa vidonge au dawa ya mshipani hapakizwi nyuma ya pikipiki. Anaweza kuachia mikono akiwa njiani. Wakachukua bajaji, kaka amemshika begani.

Ndugu huyo wa kukusindikiza awe mtu mzima na akae nawe mpaka kesho yake. Siku hiyo usiendeshe chombo, usikae jikoni na moto peke yako, usinywe pombe, usisaini karatasi yoyote, na simu yenye pesa mpe mtu unayemwamini, maana unaweza kutuma hela usikumbuke umemtumia nani.

Kama ni ganzi peke yake unayokuja kuchomwa, kula kwanza na umeze dawa zako za presha kama kawaida. Wengi wanaozimia kitini kwetu walikuja na tumbo tupu. Ukiwa umepangiwa dawa ya mshipani, fuata maelekezo ya daktari wako kuhusu kula. Mara nyingi ni kuacha chakula saa 6 kabla. Omba miadi ya asubuhi ili usishinde na hofu hiyo mchana kutwa. Na ukifika dirishani, kabla ya kutoa kadi, mwambie wa mapokezi: "Mimi naogopa sana, naomba daktari ajue kabla sijaingia." Kwetu ukisema hivyo unawekwa wa kwanza, kwa sababu kinachowafanya watu waondoke ni kukaa kwenye benchi wakisikiliza mashine ikiwa kinywani mwa mwenzao.