Safari ya Kumtafutia Punje Jina la Ugonjwa

Tulitoka nyumbani saa kumi alfajiri, mwanangu akiendesha, mimi nimekaa kiti cha nyuma na Punje, mbwa wangu, mapajani. Nilimfunika taulo lake kuukuu, kichwa tu kikabaki nje. Akiwa mzima huwa na kilo 4.2. Siku hiyo mizani ilisoma kilo 3.6, na kila nilipompapasa mgongoni vidole vyangu vilihesabu mifupa.

Pembeni niliweka daftari. Kwa miezi 4 nilikuwa nikiandika kila kitu: siku aliyotapika na rangi ya matapishi, choo, alichokula na alichokikataa, siku alizojikunja chini ya kitanda asitake hata kuguswa. Mara tatu nilikuwa nimemkimbiza kliniki. Ya kwanza tuliambiwa tumbo limechafuka. Ya pili, minyoo. Ya tatu alipimwa damu, tukaambiwa figo zinaelekea kufa na tujiandae. Punje ana miaka 4 tu. Neno lile lilikataa kuniingia.

Lililonichanganya zaidi ni kwamba kila mara alitundikiwa dripu, na kila mara, kabla jua halijazama, aliinuka, akanywa maji, akatikisa mkia. Tulirudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Zikipita wiki mbili tatu, tunaanza upya.

Daktari aliyetuambia habari za figo ndiye huyo huyo aliyetuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya wanyama, yenye maabara yake na madaktari wa magonjwa ya ndani. Mwendo wa saa tano. Namshukuru kwa barua ile.

Mvua ilitufuata sehemu kubwa ya njia. Punje alikuwa akitetemeka, kisha anatulia, na kule kutulia kwake ndiko kulikonitisha zaidi. Nilimfunua mdomo nikabonyeza ufizi kwa kidole gumba hadi ukawa mweupe, nikaachia. Kwa mbwa mzima rangi hurudi kabla hujamaliza kuhesabu sekunde mbili. Hapa nilifika tatu. Nikapeleka vidole ndani ya paja la nyuma, karibu na kinena, mahali mapigo ya moyo yanaposikika vizuri, nikatazama saa. Katika sekunde 15 nilipata mapigo 16. Nikadhani gari limenitikisa nikakosea. Nikarudia: 16. Hiyo ni 64 kwa dakika, na nyumbani akiwa ametulia nilizoea kupata mia moja na zaidi. Nikaandika, nikachora duara kuzunguka namba.

Katikati ya njia tulisimama ili ajisaidie. Nilimweka kwenye nyasi, miguu ya nyuma ikalegea, akaketi hapo hapo huku ananitazama.

"Mama, twende tu," mwanangu akasema. Tukaondoka.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Alisema "Poleni na safari," akamchukua Punje kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akamlaza mezani. Barua aliisoma haraka. Daftari alilisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari.

"Kila akipewa dripu anafufuka?"

"Ndiyo, daktari. Ndiyo maana sikukata tamaa."

"Na huwa anaanguka baada ya nini?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Tukafungua pamoja. Mara ya kwanza, nyumba ilijaa wageni siku tatu. Mara ya pili, nilisafiri nikamwachia jirani. Mara ya tatu, alikuwa ameogeshwa na kunyolewa manyoya, jambo ambalo humtia hofu sana. Yote niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, ila sikuyaunganisha.

Kisha akaweka kifaa cha kusikilizia moyo kifuani mwa Punje, akakaa kimya kwa muda mrefu. "Mbwa aliyekaukiwa maji kiasi hiki, moyo ungekuwa unakimbia," alisema. "Wake unatembea."

Damu ikachukuliwa, na safari hii wakapima pia madini ya chumvi, kipimo ambacho huko nyuma hakikuwamo. Majibu hayakuchelewa. Sodiamu 127, chini mno. Potasiamu 7.6, juu mno. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili, kwa mbwa mzima hupati chini ya 27. Punje alikuwa na 17 hata haijatimia. Walimbana vibanio vya waya miguuni kupima umeme wa moyo, na kwenye karatasi nikaona vilele virefu vilivyochongoka. Potasiamu ikizidi hivyo huupunguza moyo mwendo, na inaweza kuusimamisha kabisa. Dripu ikaanza pale pale, kabla ya ugonjwa kupata jina.

Jambo jingine alinionyesha kwenye karatasi ya chembe nyeupe za damu. Mbwa anayeumwa sana, mwili wake humwaga homoni ya kotisoli kwa ule msukosuko, na aina moja ya chembe hizo, limfosaiti, hupungua. Za Punje zilikuwa zimejaa tele, kama za mbwa aliyelala nyumbani hana shida yoyote. Mwili ulikuwa unaumwa na haukuwa na cha kujibu.

"Amewahi kupewa dawa za steroidi?" aliuliza. Hapana, nilikuwa na orodha yote. Akafurahi, maana baadhi ya dawa hizo huvuruga kipimo alichotaka kufanya. Akatoa damu, akamchoma sindano ya homoni inayoziamsha tezi, na ikabidi tusubiri saa nzima ili damu itolewe tena.

Katika saa ile alinieleza. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayoitwa adrenali. Hutengeneza kotisoli, inayosaidia mwili kuhimili misukosuko, na aldosteroni, inayozuia sodiamu isipotee na kuitoa potasiamu kwenye mkojo. Tezi zikifa, mara nyingi kwa sababu kinga ya mwili imezigeuka, sodiamu inatoroka na maji yanaifuata, shinikizo la damu linashuka, na figo zinakosa damu ya kutosha hadi kwenye vipimo zinaonekana mbovu. Figo za Punje hazikuwa zinakufa. Zilikuwa na kiu. Na dripu ilimfufua kwa sababu ilimrudishia ile chumvi na kuisukuma nje potasiamu kwa siku chache. Kule kupona kulikotudanganya miezi yote ndiko kulikokuwa dalili yenyewe.

Ugonjwa huu unaitwa wa Addison, kwa jina la Thomas Addison, daktari Mwingereza aliyeueleza kwa binadamu mwaka 1855. Kwa mbwa huwapata zaidi majike wenye umri kama wa Punje, na hujifanya kuwa magonjwa mengine: tumbo, figo, hata sumu. Kwa hiyo siwalaumu waliotangulia. Lakini mwenye mbwa anayeanguka na kuinuka, kuanguka na kuinuka, namsihi aulizie kipimo cha sodiamu na potasiamu mapema, asisubiri miezi 4 kama mimi.

Majibu ya homoni yalikuja jioni. Kabla ya sindano na baada yake, kotisoli ilikuwa karibu na sifuri. Nililia mbele ya mwanangu bila aibu. Ni ugonjwa wa maisha yote, ndiyo, lakini una dawa, na mbwa anayetibiwa vizuri huishi miaka yake. Atachomwa sindano kila baada ya siku 25 hivi, atameza kidonge kidogo kila siku, na siku za wageni au za safari dozi ya kidonge itaongezwa. Baada ya siku 10 arudi kupimwa chumvi.

Alilazwa siku mbili. Ya tatu tukarudi.

Tulisimama pale pale pa mwanzo. Nilimweka kwenye nyasi nikiwa nimeinama, mikono tayari kumdaka. Akatembea. Akavuta kamba, akajisaidia, akakwangua udongo kwa miguu ya nyuma hadi nyasi zikaruka. Nilipomrudisha mapajani niliweka vidole kinenani, nikatazama saa.

"Ngapi?" mwanangu akauliza.

"Ishirini na saba. Yaani mia na nane."

Akawasha gari.