Kuzungumza na mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia: ninavyofanya kando ya kitanda

Mrija wa kupumulia hupita katikati ya nyuzi za sauti, na chini yake kuna puto linalojazwa hewa ili pumzi isivuje. Pumzi yote hupita ndani ya mrija, nyuzi za sauti haziipati. Mgonjwa aliyeamka anasikia kila tunalosema lakini hawezi kutoa neno. Kazi yangu ya uuguzi ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, imenifundisha kwamba kinachoharibu mazungumzo mara nyingi ni maswali yetu, kabla hata ya ubao wa picha na herufi tunaomwonyesha.

Kwanza napima uamko. Kwa kipimo cha RASS, kinachopima kusinzia na kuhangaika (0 ni macho na ametulia), mgonjwa wa −1 hadi +1 anafaa kuanza naye. Mzee namwamkia kwanza, "Shikamoo mzee", kisha natazama midomo; wengi huichezesha kuitikia marahaba hata mrija ukiwemo. Halafu umakini: nasoma herufi 10, S A V E A H A A R T, naye abane mkono wangu kila asikiapo A. Akikosea zaidi ya mara 2, ubao wa herufi nauweka kando siku hiyo, nabaki na maswali mafupi na picha.

Miwani irudi usoni na kifaa cha kusaidia kusikia kirudi sikioni. Hili husahaulika kuliko yote, na mtu asiyeona herufi huandikwa kwenye faili kuwa amechanganyikiwa. Kichwa cha kitanda nakiinua nyuzi 30 hadi 45 kama hali yake inaruhusu.

Kisha tunakubaliana ishara ya ndiyo na hapana. Kupepesa macho sikupendi, kwa sababu macho hupepesa yenyewe. Natumia kutazama juu kuwa ndiyo, na kufumba macho mpaka nihesabu 2 kuwa hapana. Hata mwenye kiharusi cha shina la ubongo, ambaye macho yake hayaendi tena kulia na kushoto, mara nyingi hubaki na uwezo wa kutazama juu na chini. Naijaribu ishara kwa maswali yenye jibu linalojulikana: Je, jiwe huelea majini? Je, baharini kuna samaki? Ikikubali, naiandika kwa maandishi makubwa ukutani juu ya kitanda, maana zamu ya usiku ikibuni ishara nyingine, kesho yake hakuna jibu la kuaminika.

Kiswahili chetu kina mitego hapa. Ukiuliza "Huna maumivu?" naye akajibu ndiyo, amesema ndiyo, sina. Muuguzi mwingine ataelewa kwamba anayo, atampa dawa asiyoihitaji, au kinyume chake. Kwa hiyo siulizi kamwe kwa ukanushi. "Unaumwa?" nayo nimeiacha, kwani kila aliye ICU anaumwa, nauliza "Una maumivu sasa hivi?" Swali moja lina jambo moja. "Unataka maji au nikugeuze?" halijibiki kwa macho. Nikishauliza, nahesabu kimoyomoyo hadi 10 kabla ya kurudia.

Ubao wangu ni karatasi ya A4 iliyopigwa laminesheni. Upande wa kwanza una picha 10: maumivu, pumzi, makohozi, kiu, joto, baridi, kugeuzwa, haja, hofu, ndugu. Ya 11 ni "kingine", na hiyo isikosekane, la sivyo mgonjwa anafungwa ndani ya mawazo yako. Mwanzoni niliweka picha 40. Zikawa ndogo, na kidole kilichovimba kiligusa tatu kwa mpigo.

Upande wa pili una herufi za urefu wa sentimita 2, kila mstari ukianza na irabu:

1. A B CH D
2. E F G H
3. I J K L M N
4. O P R S T
5. U V W Y Z

Naita mistari, "wa kwanza, wa pili", mpaka atazame juu, kisha naita herufi za mstari huo. Kila herufi naiandika papo hapo. Baada ya konsonanti naita irabu kwanza, kwani silabi zetu nyingi huishia hapo. Nikipata MAK nauliza "makohozi?" bila kumalizia neno, lakini sikisii kabla ya herufi ya tatu. L na R zikibadilishana namwachia, nasoma kwa sikio.

Asiyeweza kunyoosha mkono namtengenezea ubao wa kuona kupita. Filamu ya zamani ya eksirei ya sentimita 35 kwa 43 inalowekwa kwenye dawa ya kung'arishia nguo, inasuguliwa na kuoshwa pande zote mbili mpaka iwe angavu. Katikati nakata dirisha, pembeni nabandika mafungu ya herufi zilizochapwa kwenye karatasi na kufunikwa kwa seloteki. Naishika kama sentimita 50 kutoka usoni pake na kufuata macho yake. Usiandike kwa maka: spiriti ya kusafishia huifuta.

Anayeweza kuandika, kalamu nene naizungushia bendeji ishikike, kifundo cha mkono kinakaa juu ya mto, na kipima oksijeni nakihamishia mkono mwingine. Karatasi naisogeza mimi, la sivyo maneno hupandana. Simu zinafaa wachache. Vitufe ni vidogo kwa vidole vilivyovimba.

Mwenye tundu la shingoni, ambaye mrija wake unapita hapo badala ya mdomoni, anaweza kufaa kwa vali ya kuongelea, kwa idhini ya daktari na uangalizi. Vali huingiza pumzi bila kuitoa, kwa hiyo puto litolewe hewa yote kwanza. Puto likiwa limejaa, pumzi haina pa kutokea na mgonjwa anakosa hewa ndani ya dakika chache. Kibandiko cha onyo nakiweka kwenye kipuliza puto chenyewe.

Siku ya kupokelewa nawauliza ndugu: anasoma? lugha ya nyumbani ni ipi? anaandika kwa mkono gani? Kila mgonjwa ana ubao wake, unafutwa kwa spiriti kila zamu. Na kengele ndogo inakaa chini ya mkono unaosogea, kwa sababu hawezi kuita.