Nilivyozifunga springi za gurudumu la mkia la Super Cub

Ndege ninayoitunza katika Uwanja wa Wilson ni Piper Super Cub ya miaka ya 1950, yenye viti viwili vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine na gurudumu dogo mkiani. Mwenyewe huitumia zaidi katika viwanja vya murram upande wa Kajiado, na kila aliporudi tulikuta mdomo wa ndoano ya springi mojawapo umepanuka, huku ndoano yenyewe ikikaribia kuchomoka. Springi hizo, moja kila upande, huunganisha pembe ya usukani (kipande kinachotokeza chini ya ubapa wa wima wa mkiani unaogeuza ndege kushoto na kulia) na mkono wa gurudumu, ili rubani akikanyaga pedali, usukani na gurudumu vigeuke pamoja.

Katika ndege za aina hii kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makuu, kwa hiyo mkia ukishaanza kwenda kando baada ya kutua, huelekea kuendelea hadi ndege izunguke na bawa liburure ardhi. Nairobi huongeza ugumu wake: Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na kwa wepesi wa hewa ya huku, rubani anayetua kwa mwendo uleule unaoonyeshwa na kipimo cha kasi hugusa ardhi akiwa na kasi iliyozidi ile ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya kumi. Springi ikichomoka wakati huo, gurudumu hubaki likitii upande mmoja tu. Ninachokiogopa zaidi ni kipande kinachoning'inia, kwa kuwa kinaweza kunasa kati ya pembe na mkono na kuukwamisha usukani wenyewe.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa kutafuta springi ngumu zaidi. Sikuukubali, kwa sababu springi ngumu hupitisha kila pigo la gurudumu hadi kwenye usukani na bawaba zake, na tatizo letu halikuwa ulegevu bali ushikaji. Mwingine alinielekeza Kirinyaga Road, ambako ni kweli utapata springi ya karibu kila kipimo. Lakini springi isiyo na hati ya asili yake haiingii kwenye ndege iliyosajiliwa, hata ifanane vipi na ile ya awali.

Jibu lilikuwa katika umbo. Springi za zamani zilikuwa za kuvutwa, ambazo waya wake wenyewe umekunjwa nchani kuwa ndoano, kiasi kwamba waya ukikatika au ndoano ikifunguka, hakuna kingine kinachoshika. Niliagiza seti ya aina ya kubanwa iliyoidhinishwa kwa ndege hiyo. Ndani yake mna vishikio viwili vya waya mnene vinavyoingia katikati ya springi kutoka pande tofauti, kila kimoja kikiwa kimejishikiza kwenye ncha ya mbali. Ukivivuta, springi hubanwa badala ya kutanuka, na hata ikivunjika, vishikio hubaki vimeshikana. Springi mbili za seti hiyo hazilingani ugumu, na hilo ni la makusudi: hupunguza uwezekano wa gurudumu kuanza kutetemeka kwa mdundo mmoja.

Hata hivyo, vishikio navyo vina midomo. Nilipovikaza mahali pake, nilipitisha katika kila mdomo waya wa chuma cha pua wa unene wa inchi 0.032, yaani karibu milimita 0.8, nikausokota maradufu kwa mizunguko sita hadi nane kwa kila inchi, kisha nikaikunja ncha yake ndani isije ikachana mkono wa mtu. Waya huo haubebi mzigo wowote. Kazi yake ni kuzuia mdomo usifunguke kwa mtikisiko.

Urefu wa minyororo mifupi inayoziunganisha springi hizo na pembe na mkono niliupima mkia ukiwa chini, kwa sababu uzito unapolala juu ya springi bapa ya mkia, umbali kati ya pembe na mkono hubadilika. Kisha tuliunyanyua mkia na kupima tena, tukakanyaga pedali hadi mwisho kila upande, tukalizungusha gurudumu kwa mkono hadi likajiachia na kuzunguka huru, huku nikitazama kama kuna kiungo kinachogusa kingine. Kwa kuwa kazi hii inahusu mfumo wa kuongozea ndege, mhandisi mwingine mwenye leseni aliikagua upya kabla ya kuandikwa katika daftari la ndege.

Tangu hapo midomo haijapanuka. Sasa ninachochunguza ni ulaji wa matundu ambamo viungo hivyo hushikizwa, maana vumbi jekundu likichanganyika na grisi husaga chuma kama msasa. Ndiyo sababu naosha sehemu hiyo kabla ya kupaka grisi mpya. Waya uliokwisha kusokotwa siutumii tena. Kila nifunguapo naukata na kuutia kwenye kopo lenye kifuniko, kwani kipande kimoja kikisahaulika kwenye maegesho kinaweza kutoboa tairi ya ndege ya jirani.