Ndoo 43 kwa Mwezi

Oktoba 2019 nilipata miadi niliyoihangaikia kwa muda mrefu. Meneja manunuzi wa maduka fulani makubwa ya Dar es Salaam alikubali kuniona kuhusu asali yangu. Nilikuwa na miaka 27. Asali ilitoka kwa kikundi cha wafugaji nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora. Mimi niliipaki Tabata kwenye chupa za nusu kilo na kuwauzia watu wa maofisini. Mwenyekiti wa kikundi, mzee wa miaka sitini na kitu, aliposikia habari ya miadi alisema anakuja. "Nataka nisikie kwa masikio yangu," akaniambia kwenye simu. Akapanda basi, akashuka Ubungo usiku.

Sikutaka aje. Nalisema hili leo na bado linaniuma. Niliogopa kwamba atasalimia kwa muda mrefu, atazungumza polepole, atataja ndoo badala ya kilo. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya wajasiriamali tulikofundishwa kuingia kwa kujiamini, kumtazama mtu machoni, kumpa mkono na kadi. Njiani, ndani ya mwendokasi, nilimwomba aniachie mimi mazungumzo. Akasema sawa. Kikapu cha sampuli alikipakata yeye, hakukubali nikiweke chini.

Miadi ilikuwa saa nne. Tulishuka kituo cha Morocco kabla ya saa tatu na nusu, na hilo la kuwahi lilikuwa wazo lake.

Tulipoitwa ndani nikanyoosha mkono: "Habari za asubuhi," nikajitambulisha. Meneja alikuwa mama aliyenizidi si chini ya miaka 20. Shikamoo niliiacha makusudi, nikiamini itanifanya nionekane mtoto aliyetumwa dukani. Akaupokea mkono, akajibu "Nzuri," kisha akainuka kitini, akamgeukia mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Za kazi? Nyumbani hawajambo?"

Wakaulizana mpaka habari za mvua. Mzee akamwambia huko bado, ila miombo imeshaanza kuchipua. Mimi nimesimama, kadi iko mkononi. Hakuna aliyenikaripia, lakini nilijua nimekosea. Nimeingia ofisi nyingi tangu siku ile, za watu wa kila namna, na sijaona hata moja ambayo shikamoo kwa mtu anayestahili ilinishushia bei.

Tukakaa. Alikuwepo pia kijana mmoja anayeandika kwenye kompyuta. Mama akaishika chupa, akaangalia msimbo wa mistari unaoanza na 620, namba ya Tanzania, akauliza kuhusu TBS, shirika la viwango. Majibu nilikuwa nayo, na vyeti pia. Mwaka huo shughuli za usalama wa chakula zilikuwa zimehamishwa kutoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, nami nilikuwa nimefuatilia kila karatasi. Hapo nilifanya vizuri.

Kisha akaigeuza chupa kichwa chini. Kwenye kitako kulikuwa na chengachenga nyeupe zilizogoma kushuka.

"Hii mbona imeganda? Mmetia sukari?"

Mzee akafungua mdomo. "Mwanangu, asali ikikaa ina tabia ya..." Nikamkata. Nikasema haraka kwamba ni hiyo chupa moja tu, nitaibadilisha, zilizobaki ni safi kabisa. Nilisema hivyo wakati chupa mbili nyingine ndani ya kikapu zilikuwa vilevile, na mama alikuwa akiziona.

Akanyanyua kiganja kidogo. "Mwache baba amalize."

Sauti yake ilikuwa ya upole. Masikio yangu yakapata moto. Mzee hakuniangalia. Akaeleza kwamba asali halisi nayo huganda, kwa sababu sukari yake ya asili hujitenga na maji na kufanya chenga. Kwamba kuganda peke yake hakuonyeshi kama mtu ametia sukari au hakutia. Kwamba ukiiweka chupa kwenye maji ya moto inarudi taratibu, ila usiichemshe maana utaiharibu. Kijana aliacha kuandika, akawa anasikiliza. Mama akauliza maswali matatu, yote kwa mzee.

Ningenyamaza hapo, siku ingekwisha salama. Lakini nilitaka kurudisha heshima yangu, na swali lililofuata lilikuwa la kiasi: tunaweza kuleta makasha mangapi kwa mwezi? Nikasema 200. Namba hiyo sikuwa nimeipigia hesabu popote. Niliitaja kwa sababu ilikuwa na sauti nzuri.

Mzee akatoa kalamu, akaandika kwenye kiganja. Kasha moja ni chupa 12, kilo 6. Makasha 200 ni kilo 1,200. Ndoo ya lita 20 hubeba asali ya kilo 28 hivi.

"Naomba ruhusa, mama," akasema. "Hizo ni kama ndoo 43 kila mwezi. Msimu mkubwa wa mwaka huu kikundi kizima tumepata ndoo 160. Haitafika hata miezi minne. Sitaki uweke rafu zako wazi kwa ajili yetu halafu tukuangushe."

Mama akacheka kwa furaha, akamuuliza yeye anaona ngapi. Tukaondoka na makasha 40 kwa mwezi, kwa maduka mawili, mali kauli, malipo baada ya siku 30. Kabla ya kuaga nilimwambia, "Asante mama, na shikamoo yako nilikuwa sijakupa." Akaitikia marahaba.

Jioni, nyumbani, nilimwandikia barua pepe yenye yote tuliyokubaliana: makasha, siku ya kupeleka, nani anabeba hasara chupa ikivunjika. Mzee alikaa pembeni nikimsomea mstari kwa mstari. Nilipomaliza nikapiga magoti, nikamwambia, "Baba, nisamehe. Nilikukata maneno."

Akanyamaza kidogo. "Nimekusamehe. Lakini umenikata mbele ya watu, mwanangu. Hilo la kuniomba radhi lifanye mbele ya watu."

Novemba nilipanda basi kwenda Sikonge. Kikundi kilikutana kwenye ghala lao, wanachama 22, wanawake tisa. Walijadili bei ya ndoo, wakajadili mizinga iliyoungua kwa moto wa porini, wakagombana kidogo kuhusu nauli. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikaeleza kilichotokea ofisini kama nilivyokieleza hapa, nikamwomba mwenyekiti radhi. Wakapiga makofi. Katibu akauliza jambo hilo aliandike wapi, mzee akamjibu aliweke kwenye mengineyo.